Chuo huku, chumba kule: Kungoja uhamisho katika miji ya Mlima Kenya

Wahenga walinena kwamba subira huvuta heri. Hawakutuambia kuwa ipo subira nyingine ambayo hulipiwa kodi ya nyumba kila mwisho wa mwezi.

Msomaji mpenzi, ikiwa una mwana aliyefanya mtihani wa KCSE na kupata gredi ya C+ au zaidi, huenda tayari unaijua subira hiyo. Jina lake limetokea miongoni mwa waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu, lakini chuo alichopewa si kile alichokitamani. Pengine kiko mbali. Pengine kozi yenyewe ni ile aliyoijaza mwishoni ili tu asiache pengo. Basi ameomba uhamisho, na jibu halijatoka. Wiki tatu zijazo masomo yanaanza, nawe hujui godoro lake ulipeleke mji gani.

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, swali hili husikika kila mwaka, kwenye matatu, sokoni na hata baada ya ibada. Ndiyo sababu Jumapili hii tunakualika tuuzunguke mlima huo pamoja, tuone vyuo viko wapi, wanafunzi wanalala wapi, na mtu afanye nini anapongoja barua ambayo haina siku maalumu ya kufika.

MLIMA MMOJA, BARABARA MBILI

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Thika, ukaipita Kenol, utafika mahali panapoitwa Makutano. Jina lenyewe linajieleza. Hapo barabara hugawanyika, na kwa wengi wa wanafunzi tunaowazungumzia, maisha pia hugawanyika hapo.

Ukishika mkono wa kulia utapita mashamba ya mpunga ya Mwea, pale Wang'uru ambapo mchele wa pishori huuzwa kando ya njia, kisha Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu, hadi Meru. Ukienda moja kwa moja utapita Sagana na Karatina hadi Marua. Hapo njia ya kuingia Nyeri huachana na ile ya Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki, ambayo nayo huzunguka kupitia Timau na kukutana na mwenzake huko Meru. Kwa hivyo barabara hizi mbili ni kama mikono ya mtu aliyeukumbatia mlima wenye kimo cha mita 5,199. Hakuna barabara ya magari inayoupita katikati. Anayetaka kutoka upande mmoja hadi wa pili hana budi kuzunguka.

Wazazi wa makamo watakumbuka kwamba zamani haikuwa hivi. Mtoto wa Nyeri aliyefaulu alijua atakwenda Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoanzishwa 1970, au Moi cha 1984, au Kenyatta cha 1985, au Egerton kilichopata hadhi hiyo 1987. Hakukuwa na chuo kikuu cha umma katika miji ya mlima. Aliyechaguliwa alifunga sanduku, akaabiri basi, na huko aendako alikuta kitanda kinamngoja katika bweni la chuo.

Mambo yalianza kubadilika 2007. Mwaka huo chuo cha ufundi cha Kimathi, ambacho wakazi wa Nyeri walikiasisi kwa harambee mnamo 1972, kilifanywa tawi la Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Mnamo Desemba 2012 kilipewa hati yake na kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Vingine vikafuata. Chuka, kilichokuwa chini ya Egerton, kilipata hati Januari 2013. Karatina, kilichokuwa chini ya Moi, na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vilipata zao mwaka uo huo. Embu, Kirinyaga na Murang'a vikajiunga nao 2016. Katika muda usiofika miaka 10, mlima ulizungukwa na vyuo vikuu kama mkufu shingoni.

Hili ni jambo la kushukuru. Lakini lilileta jambo la pili ambalo wengi hawakulitarajia. Vyuo viliongezeka haraka kuliko mabweni. Ndipo wenye mashamba karibu na milango ya vyuo walipong'oa kahawa na migomba, wakajenga nyumba za vyumba vya kupangisha. Leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hatafuti vitabu pekee. Anatafuta landilodi pia.

NYERI NA JIRANI ZAKE

Tuanze na Nyeri yenyewe. Chuo cha Dedan Kimathi kiko yapata kilomita 6 kutoka mjini, katika barabara ya kwenda Mweiga, kwenye ardhi yenye shamba kubwa la kahawa. Mwanafunzi ana njia mbili. Anaweza kukodi chumba karibu na lango la chuo, aamke dakika chache kabla ya somo na kwenda kwa miguu. Au anaweza kuishi mjini, karibu na soko, hospitali na duka za bei nafuu, kisha alipe nauli kila siku. Wapo wanaopanga Ruring'u, King'ong'o au Kamakwa kwa sababu wana jamaa huko. Ni vyema kupiga hesabu ya nauli ya mwezi mzima kabla ya kuvutiwa na kodi ndogo. Chumba kinachoonekana rahisi huweza kuwa ghali ukijumlisha matatu ya asubuhi na bodaboda ya jioni siku ya mvua.

Mgeni wa Nyeri aonywe pia kuhusu baridi. Mji huu uko kati ya Mlima Kenya na safu za Nyandarua, na kuanzia Juni hadi Agosti jua huweza kujificha kwa siku kadhaa mfululizo. Mwanafunzi kutoka Mombasa au Kisumu anayefika Agosti akiwa na shuka moja atajuta usiku wa kwanza. Hata hivyo, ni mji wenye historia ya kumtosha kijana mdadisi. Dedan Kimathi alikamatwa katika wilaya hii mnamo Oktoba 1956, akahukumiwa hapa Nyeri, na kunyongwa katika gereza la Kamiti Februari 1957. Baden-Powell, mwasisi wa chama cha skauti, alifariki hapa 1941 na kaburi lake liko hapa. Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004, alizaliwa kijiji cha Ihithe, si mbali na mji huu.

Karatina ni hadithi nyingine. Wengi husikia jina la chuo wakadhani kiko kando ya lile soko kubwa. Sivyo. Bewa kuu liko Kagochi, kilomita kama 15 kutoka mjini, karibu na msitu wa mlima. Mzazi aliyekodi chumba mjini Karatina kabla ya kufika Kagochi huenda akagundua kwamba amemwekea mwanawe safari ya kila siku. Lakini soko la Karatina lina faida yake. Blanketi, koti la mtumba, sufuria, ndoo na jiko hupatikana hapo kwa bei ya kuelewana, na mboga ni za shambani.

Upande wa pili wa mlima, Chuka ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Embu na Meru, na chuo kiko karibu na mji kiasi kwamba wanafunzi ndio uhai wa biashara zake. Embu ni mji mkubwa zaidi na vyumba vimesambaa mitaani. Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, njia ya kwenda Maua, nje ya mji wa Meru, kwa hivyo nako kuna uamuzi wa kuishi karibu na lango au mjini. Barabara kati ya Chuka na Meru ina mabonde na miteremko mikali. Katika daraja la Nithi, ajali ya basi ya Julai 2022 iliwaua watu zaidi ya 30. Kwa mzazi anayehesabu mara ngapi mwanawe atasafiri nyumbani kwa muhula, hilo si jambo la kupuuza.

OMBI HUPITIA WAPI?

Zamani kazi ya kuwateua wanafunzi ilikuwa ya Bodi ya Pamoja ya Usajili, iliyojulikana kama JAB. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliunda shirika jipya la kuwateua wanafunzi wa vyuo vikuu na vyuo vya kadri, yaani KUCCPS. Ombi la kuhama kutoka chuo kimoja hadi kingine hupelekwa kwa shirika hilo kupitia mtandao, wakati dirisha linapofunguliwa baada ya uteuzi. Mwombaji hulipa ada, na ada hiyo hairudishwi hata ombi likikataliwa.

Jambo ambalo wengi hawalielewi ni kwamba ombi hilo halingoji uamuzi wa mtu mmoja. Kwanza, ni sharti alama za mwombaji katika masomo ya kozi hiyo zifikie zile za mwanafunzi wa mwisho aliyechaguliwa mwaka huo katika chuo anachokitaka. Kupata C+ pekee hakutoshi. Pili, ni sharti chuo hicho kiwe na nafasi na kikubali kumpokea. Tatu, chuo anachokiacha kikubali kumwachilia. Pakiwa na kizuizi katika mlango mmoja, safari huishia hapo. Ndiyo maana majibu hayatoki siku moja, na ndiyo maana wanafunzi wawili waliotuma maombi saa ileile waweza kupata majibu tofauti, wiki tofauti.

Kwa hivyo, msomaji, usimfokee mwanao ukidhani kwamba hakujaza fomu vizuri. Wala usikimbilie mtu anayedai kuwa ana rafiki ofisini atakayeharakisha mambo kwa ada ndogo ya chai. Mtu huyo atakula pesa zako, na ombi litabaki palepale lilipokuwa.

BINTI WA TETU

Mwandishi wa makala haya alikutana na baba mmoja na bintiye katika kituo cha matatu cha Karatina. Ni wakulima wa upande wa Tetu. Binti alikuwa amechaguliwa kusomea ualimu katika chuo kimoja mashariki mwa mlima. Aliomba kuhamia upande wa magharibi, karibu na nyumbani. Sababu yake haikuwa anasa. Mamake huenda hospitalini Nyeri mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa sababu ya ugonjwa wa figo, na tangu amalize kidato cha nne, binti huyo ndiye aliyekuwa akimsindikiza.

Siku hiyo walikuwa wametoka kuangalia chumba. Kilikuwa safi, chenye dirisha kubwa na maji uani. Mwenye nyumba aliwaambia wazi kwamba wanafunzi wako njiani na hawezi kuwawekea bila malipo. Alitaka kodi ya mwezi wa kwanza na dhamana ya mwezi mmoja. Baba alikuwa na fedha za majani chai mfukoni, na zilitosha chumba kimoja tu.

"Nikilipa hapa, nitakuwa nimeonyesha kwamba naamini ombi lake litakubaliwa," alisema yule mzee.

Binti alinyamaza kidogo, kisha akamuuliza, "Baba, na nikikosa?"

Mzee hakujibu. Alitazama upande ambako mlima ungeonekana kama si mawingu.

Mwishowe hawakulipa. Walirudi nyumbani wakala ugali, wakazungumza na mama, na mama ndiye aliyekata shauri. Aliwaambia kwamba chuo kilichomwita binti ni kimoja, na kile kingine bado ni matumaini. Siku ya kuripoti ilipofika, baba alimpeleka upande wa mashariki kupitia Kerugoya na Embu. Binti alijisajili, akapata kitanda katika bweni la chuo kwa muhula mmoja, akaanza masomo huku akingoja.

Jibu lilitoka akiwa katika wiki ya tatu ya mihadhara. Ombi halikukubaliwa, kwani kozi ilikuwa imejaa.

Alipopigiwa simu na mwandishi, hakuficha kwamba alilia. Lakini alisema pia kwamba pesa ambazo baba hakuzitoa kwa kile chumba ndizo zinazomlipia nauli ya kuja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Shangazi yake amejitolea kumsindikiza mama siku moja ya wiki, na kakake mdogo aliye darasa la juu anajua sasa kupika uji usio na chumvi. "Mama ananiambia nisome," alisema. "Ananiuliza maswali ya darasani kama mwalimu mkuu."

Hatuwezi kusema kwamba mambo yalikwenda alivyotaka. Hayakwenda. Lakini familia hiyo haikupoteza vitu viwili kwa kukimbilia kimoja.

HESABU YA MWENYE KUNGOJA

Tujifunze nini hapa? Kwanza kabisa, ripoti katika chuo kilichokuita. Hili linasemwa kila mwaka na kila mwaka wapo wanaokaa nyumbani wakingoja uhamisho, mpaka siku ya mwisho ya usajili inawapita. Uhamisho ukikosekana, wanabaki mikono mitupu. Nafasi uliyo nayo ni ya kweli, na ile uliyoiomba bado haijawa yako.

Pili, usifunge ndoa na nyumba kabla ya jibu. Tuseme chumba ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Kodi na dhamana ni 10,000. Ongeza kitanda, godoro, mtungi wa gesi na tokeni za stima, na familia imetoa pesa nyingi kabla ya kununua kalamu. Ukifanya hivyo katika miji miwili, umelipia elimu mara mbili. Ikiwezekana, chukua kitanda cha bweni kwa muhula wa kwanza. Bweni likijaa, tafuta mwenzako mgawane chumba, au mwombe mwenye nyumba akupangishe mwezi kwa mwezi. Mwambie ukweli kwamba unangoja uhamisho. Wapo watakaokataa, lakini wapo pia watakaokubali, maana hata wao wanajua kwamba chumba kinachokaa bila mtu hakileti chochote.

Tatu, usitume pesa kwa simu kwa chumba ambacho hujakiona. Picha nzuri ya dirisha na pazia si chumba. Nenda mwenyewe, au mtume jamaa anayeishi karibu. Fungua mfereji uone kama maji yanatoka. Uliza maji huja siku ngapi kwa wiki. Uliza lango hufungwa saa ngapi usiku, na kama njia ya kutoka maktaba ina taa. Kwa mzazi wa msichana, swali hilo la taa ni muhimu kuliko rangi ya ukuta. Ukilipa, dai risiti, na iandikwe ndani yake kama dhamana itarudishwa na kwa masharti gani.

Nne, nunua vitu vinavyohamishika. Godoro jepesi, ndoo mbili, sufuria mbili na blanketi nzito vitafaa Chuka kama vitakavyofaa Nyeri. Kabati na meza kubwa vingoje barua.

Tano, uhamisho ukikubaliwa, usiondoke kimyakimya. Nenda kwa ofisi ya fedha ya chuo cha kwanza uulize kuhusu karo uliyokwisha kulipa. Iarifu Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, ili mkopo usiende chuo ambacho haupo. Rudisha ufunguo wa bweni na uchukue karatasi ya kuthibitisha kwamba hudaiwi. Wengi wamehangaika miezi kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Sita, na hili ni kwa wazazi, zungumzeni mapema kuhusu jibu la hapana. Familia nyingi hupanga sherehe ya ndiyo na kuacha hapana ije kama mgeni wa usiku. Mkikaa pamoja mkasema, ikiwa itakataliwa tutafanya hivi na hivi, kijana hataona kwamba dunia imemwangukia. Vilevile jadilianeni sababu ya kuhama. Kama ni ugonjwa nyumbani au kozi isiyomfaa kabisa, ombi lina uzito. Kama ni kwa sababu marafiki wamekwenda mji mwingine, huenda mwezi mmoja wa masomo na marafiki wapya ukaimaliza hamu hiyo.

Mwanafunzi nawe usikae ukitazama simu kutwa kucha. Hudhuria mihadhara, fanya kazi unazopewa, ujue njia za mji ulioko. Ukiwa Embu, panda hadi soko uone ndizi na miraa vikipakiwa. Ukiwa Nyeri, amka mapema siku isiyo na mawingu uone theluji juu ya vilele kabla ya saa tatu, kwa maana baadaye mlima hujifunika. Ukiwa Chuka utauona mlima huohuo kutoka mgongoni, na wenyeji wa huko watakuambia kwamba huo ndio uso wake.

Kwa wale ambao majibu yao yangali njiani, tunawatakia heri. Pangeni chumba penye barua mliyo nayo mkononi, wekeni akiba ya nauli, na wapeni wana wenu blanketi nzito. Baridi ya mlima huwapata wote, waliohamishwa na wasiohamishwa.